Frimasoni Waliodai Uhuru

Ukitaja Frimasoni kijiweni, stori ni damu na utajiri wa haraka. Ila Marekani kuna tawi lililozaliwa kwa sababu nyingine kabisa.

Kwa kumbukumbu za chama chenyewe, tarehe 6 Machi 1775 Prince Hall na wenzake 14, wote weusi, waliapishwa mjini Boston na loji ya wanajeshi wa Uingereza. Loji za wazungu wa pale hazikuwataka. Basi Hall akaandika barua London; hati ikatolewa 1784, ikafika Boston 1787.

Loji iliwapa nini? Mahali pa kukutana, kusaidiana, na kudai haki kwa sauti moja. Mwaka 1788 weusi watatu, watu huru, walitekwa Boston wakapelekwa visiwani kuuzwa. Hall akapeleka ombi bungeni Massachusetts. Sheria ya kuzuia biashara ya watumwa ikapitishwa, na wale watatu wakarudi nyumbani.

Baadaye loji hiyohiyo ikampokea David Walker, ambaye kijitabu chake cha 1829 dhidi ya utumwa kiliwatia kiwewe mabwana wa kusini. Viapo vyao vilikuwa vya siri, lakini madai yao waliyaandika na kuyatia saini hadharani.