Mnyapara: Asili na Safari ya Neno

Mwanafunzi wa fasihi anayejiwekea desturi ya kujifunza neno moja adimu kila siku, pamoja na asili yake, aghalabu hutosheka upesi mno. Akishagundua kwamba neno limetoka Kiarabu, Kireno au Kinyamwezi, hulifunga daftari. Makala haya yanashikilia kuwa asili ni mwanzo tu wa historia ya neno. Mfano wetu ni mnyapara, ambalo kamusi hulifasiri kwa ufupi kuwa msimamizi wa wafanyakazi.

Katika Unyamwezi, banyampala walikuwa wazee wa baraza waliomshauri mtemi. Katika karne ya 19 cheo hicho kilitoka barazani kikaingia njiani: makundi ya wapagazi waliosafiri baina ya Tabora na Bagamoyo yalikuwa na wanyampara wao, ilhali kirangozi alitangulia kuongoza njia. Katika Kiswahili l ikawa r, kisha m ya kati ikadondoka. Mabadiliko hayo ya sauti ni madogo. Ya hadhi ni makubwa. Mnyampara wa wapagazi wa Kinyamwezi alikuwa bado mtu wao, mwenye kuwasemea mbele ya tajiri.

Katika mashamba ya walowezi wa Kenya neno lilikuwa limehama upande. Huko Trans Nzoia walowezi waliongezeka baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, reli ikafika Kitale mwaka 1926, na mashamba ya mahindi yakadai vibarua, ambao tayari walibanwa na sheria ya kipande ya mwaka 1915. Nyapara sasa alisimama kwa niaba ya mwajiri. Katika mtaa wa Kitale kama Kipsongo, wenye jina la umbo la Kikalenjin na wakazi wengi Waturkana, hakuna anayehitaji Kinyamwezi ili kulielewa.

Mhakiki, hata hivyo, anakihitaji. Abdulrazak Gurnah, katika riwaya yake ya Kiingereza Paradise (1994), amelihifadhi neno mnyapara kwa kiongozi wa msafara, Mohammed Abdalla, mtu wa kuogopwa. Msomaji wa Kiingereza hulipokea kama neno geni, tupu. Msomaji wa Kiswahili aliyezoea mnyapara wa gerezani, yaani mfungwa anayesimamia wafungwa wenzake, huja na maana ambayo msafara ule ulikuwa haujaijua.