Tarehe ya Mapapa chini ya Makaizari wa Konstantinopoli

Desemba 536 jemadari Belisario aliingia Roma na jeshi la Kaizari Justiniani, akautwaa mji mikononi mwa Wagothi. Tangu hapo, kwa karne mbili, Askofu wa Roma alikuwa raia wa mtawala aliyekaa Konstantinopoli. Aliyechaguliwa kuwa Papa hakuwekwa wakfu mpaka kibali cha Kaizari kifike kutoka ng'ambo, na kibali chenyewe kililipiwa ada. Anayedhani kuwa mapapa tangu zamani walikuwa wakiwavika wafalme mataji na kuwavua, aanzie katika karne hizi.

Silverio aliondolewa na Belisario mwaka 537, akafia uhamishoni kisiwani. Baada yake akaja Vigilio. Huyu alikamatwa mwaka 545 akapelekwa kwa Justiniani, aliyetaka Papa awalaani waandishi watatu wa Kanisa waliokwisha kufa zamani, ili awaridhishe Wakristo wa Misri na Siria. Vigilio akakubali, akakana, akakubali tena. Askari walimfuata hadi kanisani alikokimbilia, wakamvuta naye ameng'ang'ania nguzo za altare. Aliporuhusiwa kurudi kwao, alifia njiani, Sirakusa, mwaka 555.

Gregori wa Kwanza alichaguliwa mwaka 590 baada ya tauni kumuua Pelagio wa Pili mwezi Februari. Kibali kilichelewa hata akawekwa wakfu Septemba 3. Alikuwa mtoto wa mji, aliyewahi kuwa mkuu wa serikali ya Roma, kisha mjumbe wa Papa Konstantinopoli, hivyo mambo ya ikulu aliyajua vizuri. Walombardi walikuwa wameingia Italia tangu mwaka 568 na Kaizari hakuwa na jeshi la kuwatoa. Mfalme wao Agilulf alipouzingira mji mwaka 593, fedha iliyomwondoa ilitoka kanisani. Nafaka ya kulisha watu ilitoka kwenye mashamba ya Kanisa huko Sisilia. Gregori alimwandikia mke wa Kaizari kwamba, kama Kaizari alivyo na mweka hazina wa jeshi huko Ravenna, basi yeye ndiye mweka hazina wake Roma. Kaizari Maurisi alimwona mjinga kwa kupatana na adui. Gregori akaumia sana, lakini akabaki mtiifu. Kwangu mimi, mabadiliko yote ya baadaye yanaanzia hapa, pale watu wa Roma walipozoea kula na kulindwa kwa mkono wa Papa.

Lakini mazoea hayo yalichukua muda mrefu kuwa nguvu, na Papa Martini ndiye aliyelipa gharama ya muda huo.

Martini alikalia kiti cha Petro Julai 649, naye hakungoja kibali. Wakati ule Siria na Misri zilikuwa zimeshachukuliwa na Waarabu, na Kaizari Konstans wa Pili alitaka ubishi juu ya Kristo ukome: ana utashi mmoja, au miwili, wa Mungu na wa binadamu? Amri yake ya mwaka 648 ilikataza watu kulijadili swali hilo. Oktoba 649 Martini aliwakusanya maaskofu 105 katika basilika la Laterano, wakalaani fundisho la utashi mmoja pamoja na amri yenyewe. Liwali wa Kaizari nchini Italia, Olimpio, alitumwa amkamate. Hakufanya hivyo, aliasi, akafa Sisilia mwaka 652. Juni 653 akaja liwali mwingine, Theodoro Kaliopa, na askari wake. Martini, mgonjwa wa miguu, alikuwa amelala kitandani mbele ya altare. Hakutaka damu imwagike kwa ajili yake. Alitolewa mjini usiku, akapakiwa mashuani kwenye mto Tiber.

Alipofikishwa Konstantinopoli, aliachwa sitahani siku nzima huku watu wakimtukana, kisha akafungwa miezi mitatu. Kesi yake haikuhusu imani hata kidogo. Alishtakiwa uhaini, kwamba alishirikiana na Olimpio. Hakuweza kusimama, ikabidi ashikiliwe. Alivuliwa mavazi ya uaskofu hadharani, akatiwa minyororo shingoni, akahukumiwa kifo. Aliyemwombea ni Patriarki Paulo, mpinzani wake aliyekuwa akikata roho. Adhabu ikageuzwa uhamisho, akapelekwa Kersoni, Krimea. Kutoka huko aliandika barua akieleza kwamba mkate husikika kwa jina tu, na akastaajabu kuwa makasisi wa Roma hawakumtumia hata mahitaji ya chakula. Walikuwa wameshamchagua Eugenio mahali pake, ilhali Martini mwenyewe yu hai. Martini alimwombea mrithi huyo, akafariki Septemba 16, 655. Kuachwa huko na watu wake mwenyewe kunanichoma kuliko minyororo.

Mwaka 663 Konstans alizuru Roma siku kumi na mbili. Papa Vitaliano alimpokea kwa heshima, na mgeni akaondoka na shaba ya mapaa ya mji, hata ya Pantheon, ambayo wakati huo ilikuwa kanisa.

Papa Sergio, ambaye jamaa zake walitoka Antiokia, aliingia mwaka 687. Kaizari Justiniani wa Pili aliitisha mtaguso mwaka 692 ukatoa kanuni 102, baadhi zikipinga desturi za Roma. Moja ilikataza kumchora Kristo kama mwanakondoo. Sergio alikataa kutia saini, naye ndiye aliyeingiza katika Misa wimbo wa Mwanakondoo wa Mungu unaoimbwa mpaka leo mkate unapomegwa. Kaizari akamtuma Zakaria, mkuu wa walinzi wake, amlete. Safari hii askari wa Ravenna wenyewe waliondoka kuja Roma kumlinda Papa. Walikuwa wenyeji wa Italia, na makao na mashamba yao yalikuwa huko huko. Zakaria alijificha chini ya kitanda cha Papa, akilia. Sergio akatoka, akawatuliza, lakini hawakuondoka mpaka Zakaria alipofukuzwa mjini. Miaka arobaini hivi ilikuwa imepita tangu Martini.

Mwaka 711 Kaizari huyo huyo aliibusu miguu ya Papa Konstantino, wa mwisho kufika Konstantinopoli hadi Paulo wa Sita mwaka 1967. Kisha ukaja ugomvi wa kodi na wa sanamu takatifu, na mwaka 751 Ravenna ikaanguka mikononi mwa Walombardi. Stefano wa Pili hakuwa na wa kumtegemea mashariki. Akavuka Alpi, akakutana na Pipino, mfalme wa Wafranki, Januari 754, akampaka mafuta Saint-Denis. Mwaka 756 funguo za miji ambayo Pipino aliitwaa kutoka kwa Walombardi ziliwekwa kaburini pa Petro. Desemba 25, 800, Leo wa Tatu akamvika Karolo Mkuu taji la kaizari.

Mwaka 824 mjukuu wa Karolo, Lotari, alitoa katiba kwa mji wa Roma: atakayechaguliwa kuwa Papa asiwekwe wakfu kabla ya kula kiapo cha uaminifu mbele ya mjumbe wa Kaizari.