Gari la Prasher na mwanga ndani ya ubongo



Wiki jana rafiki yangu mwenye lisansi ya biolojia alinibeba kwa pikipiki yake mpaka sokoni. Tulipofika akaniuliza: «Ile miaka yote tulisoma, ilitumika na nini?» Nilikosa jibu, nikamwelezea historia ya Douglas Prasher. Leo ninawaandikia ninyi pia.

Kwanza tuelewe shida. Seli za ubongo zinaongeaga kwa kemikali. Moja yazo ni dopamini; seli zenye kuitengeneza zikikufa, ugonjwa wa Parkinson unaingia. Lakini namna gani kuiona ikitoka, ndani ya ubongo wa mnyama angali anaishi? Njia moja ya zamani ilikuwa kuvuta maji kidogo kidogo kwa kijibomba na kuyapima labo. Iliomba dakika nyingi, wakati seli zinaongea chini ya sekunde moja.

Jibu lilitoka baharini. Mwaka 1961, Mjapani Osamu Shimomura alikusanya meduza, wale wanyama wa bahari wororo kama jeli, karibu 10,000, huko Friday Harbor, Marekani. Alitafuta kitu chenye kuwafanya watoe mwanga. Pembeni yake akakuta protini ingine, yenye kung'aa kijani.

Miaka 30 ikapita. Mwaka 1992 Prasher, akiwa Woods Hole, alitangaza jeni ya ile protini. Lakini feza za utafiti zilikatika. Mbele ya kuacha, aliwatumia jeni wenzake wawili wenye waliiomba: Martin Chalfie na Roger Tsien. Mwaka 1994 Chalfie alionyesha inang'aa ndani ya bakteria na mnyoo mdogo. Tsien akaiongezea nguvu na rangi zingine.

Mwaka 2008 Shimomura, Chalfie na Tsien walipata Nobel ya kemia. Sheria inaruhusu watu 3 tu. Prasher alikuwa amefanya kazi zingine za sayansi, nazo zikaisha. Siku ile alikuwa dereva Huntsville, Alabama, anapeleka wateja wa duka la magari. Chalfie na Tsien walimtaja wazi, wakamlipia safari ya Stockholm.

Na dopamini? Mwaka 2018 timu ya Lin Tian, California, na ya Yulong Li, Beijing, kila moja kwa upande wake, zilichukua kipokezi cha dopamini na kushona ndani yake protini ya kijani. Dopamini ikigusa kipokezi, kipokezi kinageuka umbo na mwanga unaongezeka. Uzi mwembamba wa kioo unaingizwa kwa ubongo wa panya, na mtafiti anaona dopamini ikipanda palepale panya anapopata zawadi.

Rafiki yangu alinyamaza. Kisha: «Na yeye, alirudia labo?»

Ndiyo. Mwaka 2012 Tsien mwenyewe alimpa kazi kwa labo yake. Miaka 4 kisha ile Nobel.

«Ni mingi,» akasema, akawasha pikipiki.

Ni mingi kweli, na sitawadanganya kwamba kugawa kazi yako kunaleta mkate. Lakini Prasher angefungia ile jeni kwa frigo, mwanga ungechelewa. TFC yangu inalala ndani ya sanduku tangu nimalize. Kesho ninaipelekea wadogo wa labo. Na yako iko wapi?