Mwanasheria Mkuu wa Kuchaguliwa

Novemba 2019 nilikuwa na miaka 14. Baba alirudi kutoka kupiga kura hapa Louisville, kura yake ya kwanza tangu apate uraia, akauliza mezani: "Kumbe mwanasheria mkuu naye anapigiwa kura? Si huteuliwa?" Hakukosea kushangaa. Tanzania na Kenya humteua Rais. Kentucky wananchi humchagua kila baada ya miaka minne, siku moja na gavana, na nadhani ndiyo sababu watu humsahau.

Mwaka ule macho yote yalikuwa kwa gavana. Andy Beshear, aliyekuwa mwanasheria mkuu wakati huo, alimshinda Matt Bevin kwa kura zipatazo 5,000 tu. Kwenye karatasi ileile, Daniel Cameron wa Republican alimshinda Greg Stumbo wa Democratic kwa urahisi, kwa karibu asilimia 58. Cameron alikuwa na miaka 33, Mweusi wa kwanza kuchaguliwa kushika kiti hicho Kentucky. Stumbo alikuwa mkongwe aliyewahi kukikalia. Kabla ya uchaguzi Cameron alishtakiwa kwamba hastahili kugombea: katiba ya jimbo inataka miaka minane ya uwakili, naye miwili alikuwa msaidizi wa jaji. Mahakama ya hapa Louisville ilikataa kumwondoa. Wakati watu wakihesabu miaka yake, sikumbuki mtu aliyeuliza angefanya nini siku polisi wakiua mtu.

Siku hiyo haikukawia. Tarehe 13 Machi 2020, usiku, polisi wa Louisville walimuua Breonna Taylor, miaka 26, nyumbani kwake. Mwendesha mashtaka wa kaunti ya Jefferson alijiondoa, kesi ikaenda kwa Cameron. Mji ukasubiri, ukiandamana. Tarehe 23 Septemba jopo la raia, lililosikiliza ushahidi kwa faragha, lilimshtaki askari mmoja tu, tena kwa kuhatarisha maisha ya majirani, si kwa kifo cha Breonna. Cameron alisema wale wengine wawili walikuwa na haki ya kujibu risasi. Baadaye baadhi ya wanajopo walieleza kwamba mashtaka ya mauaji hawakuletewa kabisa.

Mwaka 2023 Cameron aligombea ugavana, Beshear akamshinda. Kiti alichoacha kiligombewa na Russell Coleman na Pamela Stevenson, mbunge wa jimbo kutoka Louisville, Coleman akakichukua. Mimi nilikuwa nimetimiza miaka 18, tukaenda kupiga kura pamoja. Baba alikuwa na bahasha ya bili ya umeme mfukoni, ameandika nyuma yake majina ya wagombea wote, na la gavana lilikuwa la mwisho.