Toroli Jekundu

Leo tunasoma habari za William Carlos Williams, daktari wa mji mdogo wa Rutherford, Marekani, aliyekuwa pia mtunga mashairi. Mwaka 1923 alitoa shairi la maneno 16 tu, juu ya toroli jekundu lililolowa mvua, karibu na kuku weupe. Halina vina kama mashairi mliyoyazoea. Mwenye toroli hakutajwa. Alikuwa Thaddeus Marshall, mtu mweusi, mchuuzi wa mji huohuo. Kaburi lake lilikaa bila jina mpaka mwaka 2015, lilipowekewa jiwe. Basi, shikeni kalamu. Andikeni maneno 16 juu ya chombo cha kazi mnachokiona nyumbani, kisha chini yake mwandike jina la mwenyewe.