LeVar Burton: Mwanafunzi aliyempa uhai Kunta Kinte

LEVAR Burton alikuwa mwanafunzi wa uigizaji mwenye umri wa miaka 19 katika Chuo Kikuu cha Southern California alipoteuliwa kuigiza nafasi ya Kunta Kinte katika tamthilia ya Roots. Hakuwa na jina lolote katika fani hiyo.

Tamthilia hiyo, iliyotokana na kitabu cha Alex Haley cha 1976, ilionyeshwa na kituo cha ABC cha Marekani kwa siku nane mfululizo mnamo Januari 1977. Inasimulia masaibu ya kijana Mmandinka wa kijiji cha Juffure, Gambia, aliyetekwa na kuuzwa utumwani.

Onyesho lililompa Burton umaarufu ni lile anapocharazwa mijeledi ili akubali kuitwa Toby. Kila akiulizwa jina lake, anataja lile alilopewa na babake, hadi nguvu zinapomwishia. Hapo mtazamaji anatambua kwamba kumpokonya mtu jina ni kumpokonya ukoo wake.

Kunta wa utu uzima aliigizwa na John Amos.

Roots ilipotengenezwa upya mnamo 2016, Burton alikuwa miongoni mwa watayarishaji wakuu, naye Malachi Kirby akairithi nafasi yake.