Gitaa la Shaba: Usiling'arishe, Tazama Shingo Kwanza

Mwezi uliopita binti mmoja wa Kibokoni aliniletea gitaa la marhum babake, aliyekuwa baharia. Lilikuwa limefungwa kwa shuka, na alipolifunua nilinyamaza kidogo. Halikuwa la mbao. Mwili mzima ni shaba iliyochovywa nikeli, imechorwa minazi na ufuo wa Hawaii.

"Ami, nataka ling'are kama jipya," akasema. "Nimeambiwa kuna karakana wanakochovya bampa za magari. Watalifanya kwa siku mbili."

Nikamwambia, mwanangu, kaa kitako kwanza.

Hapa kwetu tumezoea udi na magitaa ya mbao, kwa hivyo wacha nieleze. Magitaa haya yalianza Los Angeles, Marekani, mwaka 1927, katika kampuni ya National. Aliyeyabuni ni John Dopyera, fundi mhamiaji aliyezaliwa katika nchi ambayo leo ni Slovakia. Wakati huo gitaa la umeme lilikuwa bado halijaingia sokoni, na mpiga gitaa aliyeketi kati ya tarumbeta na ngoma hakusikika. Dopyera akaweka ndani ya mwili wa madini sahani tatu nyembamba za alumini zenye umbo la pia. Nyuzi zikitikisika, sahani nazo hutikisika na kutoa sauti kubwa. Baadaye likaja la pia moja, lililokuwa rahisi zaidi. Wapigaji wa bluzi kama Son House na Bukka White waliyapenda sana. Lile la minazi, liitwalo Style O, pengine umeliona bila kulijua: ndilo lililo kwenye jalada la Brothers in Arms, albamu ya Dire Straits ya mwaka 1985.

Kabla hujagusa kitambaa, jua mwili ni wa nini. Duolian, lililouzwa kwa bei nafuu miaka ya 1930, ni la chuma kilichopakwa rangi. Style O la minazi kama hili ni la shaba. Yale ya bei kubwa ni ya madini yaitwayo fedha ya Kijerumani, ambayo fedha haimo hata chembe. Ni mchanganyiko wa shaba nyekundu, nikeli na zinki. Sumaku itakusaidia: hung'ang'ania chuma, lakini kwenye shaba huteleza.

Hewa yetu ya chumvi haina huruma na yote hayo. Chuma huliwa na kutu chini ya rangi, na shaba hutoa ukungu wa kijani kila mahali nikeli ilipotoboka. Hata hivyo, wepesi wetu wa kusugua umeharibu zaidi kuliko chumvi. Nayajua haya kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita niliweka gitaa la mteja kwenye gurudumu la kung'arishia. Kwa dakika chache liliwaka kama kioo, kisha nikaona michoro inafifia na manjano ya shaba yanachomoza. Nikeli ile ni utando tu, na michoro haina kina. Karakana nayo haiwezi kuchovya bila kusugua kwanza, tena huchovya kromu, yenye weupe wa kuelekea samawati, wakati nikeli ya zamani ina joto la umanjano. Mnunuzi mwenye jicho huiona tofauti akiwa mlangoni, na bei huanguka hapo hapo.

Kwa hiyo mimi hutumia maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo na kitambaa cha pamba kilichokamuliwa sana, nikihakikisha hakuna tone linaloingia ndani. Penye ukungu wa kijani naweka mafuta mepesi ya cherehani, naacha yalale usiku, kisha nakwangua taratibu kwa kijiti cha mbao. Wekundu wa kutu kwenye chuma naupa mafuta hayo hayo. Mwishowe nta nyembamba, kuzuia chumvi. Ule ujivujivu wa uzee nauacha. Sufi ya chuma ya masufuria na isikaribie.

Lakini kilichokuwa kimelinyamazisha gitaa hili ni shingo. Kwenye freti ya 12 nyuzi zilikuwa juu kiasi cha kupitisha penseli. Nyuzi sita za chuma huvuta kwa jumla kama kilo 70, na shingo za zamani hizi hazina ule msumari wa ndani wa kurekebishia. Hapa wengi hukosea, kwani kuna aina mbili. Yenye mgongo wa mraba ni ya kulaza mapajani na kupiga kwa kipande cha chuma, mtindo wa Hawaii, na nyuzi zake zinatakiwa ziwe juu. Ukizishusha umeliharibu. Hili lilikuwa na shingo ya mviringo.

Nikaweka rula juu ya freti: shingo imenyooka. Basi iliyopotea ni pembe yake. Nikalegeza nyuzi zote kidogo kidogo, nikafungua kifuniko bila kukikandamiza, nikainua ile pia kwa ncha za vidole. Alumini ile hubonyea kama karatasi, na pia iliyobonyea hairudi kuwa ilivyokuwa. Chini yake ndipo siri ilipo: shingo huendelea ndani ya mwili kama mti mrefu hadi karibu na mkiani, ukiegemea vigingi vya mbao. Kigingi kimoja kilikuwa kimebanduka na kulala pembeni. Nikakirudisha kwa gundi, nikaongeza kabari nyembamba ya mbao ngumu, na shingo ikarudi nyuma. Kazi nzima ilihitaji mbao isiyozidi kete ya dhumna. Kama shingo ingekuwa imepinda, ningelazimika kung'oa freti na kupiga randa ubao wake, na hiyo si kazi ya kujifunzia kwenye gitaa la mtu.

Vanishi ya nyuma ya shingo sikuigusa. Karibu na kichwa pana sehemu iliyolika hadi kwenye mbao, pale kidole gumba cha mpigaji hukaa. Binti alipokuja kulichukua nilimwonyesha. Akaweka chake pale pale, akatulia, kisha akaniuliza bei ya nyuzi mpya.